Uwanja wa Bruno Koi

Jumanne, saa tatu kasorobo asubuhi, Misieli Tobeona, afisa maendeleo wa Chama cha Taifa cha Raga, alishuka kwenye pikapu ya chama pale kijijini kwetu Mogalpeng, akafuta matope viatuni kwa jani la mgomba, akaegemeza ngazi kwenye mlingoti wa goli la upande wa mto, akapanda na futi yake ya kupimia. Mwamba, yaani ule mti unaokingama kati ya milingoti miwili, ulikuwa mita tatu na sentimita arobaini na moja kutoka ardhini. Sheria inataka mita tatu kamili. Akaandika, akashuka, akaletewa chai na kiazi kitamu cha kuchoma, akala taratibu kwa sababu barabara ilikuwa imemchosha. Alipomaliza akapanda tena, maana ni mtu wa kupima mara mbili. Safari hii ilikuwa arobaini na mbili.

"Dada," alimwambia Elsi Koi, aliyekuwa amemshikia ngazi, "mwamba wenu umepanda."

"Jana mvua ilinyesha," Elsi akamjibu.

Tobeona akaandika na hilo la mvua. Kisha akamwambia, kwa upole, kwamba kiwanja ni kizuri kuliko vyote alivyovikagua mwaka huu, lakini kwa mwamba ule hawezi kukipitisha. Angerudi Ijumaa ya mwisho ya Agosti. Wautengeneze.

Hapa kwetu bondeni raga ni ile ya wachezaji kumi na watatu. Wako watu wanaosema ipo nyingine ya kumi na tano, waache waseme. Mtoto wa hapa hujua kushika mpira kabla hajajua kushika kijiko, na padri akitaka watu kanisani Jumapili ya fainali hufupisha mahubiri. Lakini miaka yote hiyo wanawake walikuwa watazamaji na wapishi tu. Ni mwaka ule ndipo Chama cha Taifa kilipotangaza kwamba kila mkoa uwe na ligi ya wanawake, na viwanja vyao vikaguliwe kabla Agosti haijaisha. Kiwanja kisichopita, timu yake haichezi.

Kwa Elsi jambo lenyewe lilikuwa zito kuliko kucheza. Kaka yake, Bruno, alikuwa ameshamwambia mbele ya watu kwamba kiwanja kisipopita, Septemba anapanda kahawa pale, na yeye atafute pa kwenda. Na Elsi hakuwa na pa kwenda.

Aliolewa upande wa Simbu, akakaa huko miaka sita, mume akaongeza mke wa pili na ngumi juu yake. Siku alipoondoka alichukua mkoba wake wa kamba na mpira wa raga wa yule mume. Sufuria aliziacha. Akarudi kwao akiwa mtu wa pembeni, maana kwa mume hana shamba tena, na kwao binti hana shamba tangu azaliwe, ardhi ni ya wana wa kiume. Baba yao alishafariki. Bruno si mtu mbaya, ni mvivu tu na mpenda sifa. Akamwonyesha kinamasi kilicho chini ya mashamba ya kahawa, akamwambia achukue hicho. Vyura walikuwa wengi kuliko nyasi.

Kuchimba mitaro ni kazi ya wanaume. Ndivyo mababu walivyolikausha bonde hili, tangu zama ambazo hakuna anayezijua. Elsi akachimba. Jenifa Waiang, jirani yake, mwanamke mwenye mabega ya kubeba mlango, akaja kumcheka, akacheka mpaka akachoka, kisha akachukua beleshi. Wakaja wengine, wake za watu na binti za watu, mpaka wakafika kumi na tisa. Baada ya miezi saba maji yaliondoka, nyasi zikashika, pakawa tambarare iliyonyooka vizuri kuliko zote za bondeni. Wakati huo ndipo Bruno alipoanza kupita pale akihesabu hatua, kama apimaye nafasi za miche.

Ikabaki milingoti. Elsi akawaendea wanaume waliokuwa wameketi wakitafuna popoo karibu na mizani ya kahawa, akawaomba wawili watatu wawachimbie mashimo. Mzee Dop, hakimu wa mahakama ya kijiji, alitema mate mekundu akamjibu kwa niaba ya wote.

"Sisi tuchimbe mashimo ya goli la wanawake? Wekeni wenyewe, binti yangu. Mti ni mti."

Wakacheka. Siku ile walicheka sana, jamani.

Sasa, kwetu mwanamke hupanda viazi na mwanamume hupanda miti, hasa mvinje. Aliyepanda mvinje ana neno katika ardhi ile. Watu wakigombania mpaka, hakimu haulizi karatasi, anauliza mivinje hii aliipanda nani. Na anayekata mvinje wa mwenzake hulipa nguruwe. Kwa hiyo mwanamke hapewi mche wa mvinje, hata wa kumshikia mwenyewe akifunga kamba ya kiatu. Lakini nguzo si mche, na wale wazee walikuwa na popoo mdomoni na kicheko tumboni, hakuna aliyefikiri. Wanawake wakakata mivinje minne mibichi iliyojiotea yenyewe kando ya mto, wakaisimamisha siku ileile na magome yake, miwili kila upande, na Elsi akashindilia udongo kwa kisigino. Miamba nayo waliikata palepale, wakaifunga kwa kamba za porini.

Wiki ya tatu milingoti ikachipua. Wiki ya tano miamba ikaungana na milingoti gome kwa gome, zile kamba zikamezwa. Miti mingine huongezeka nchani. Hii iliongezeka kutoka chini, ikainua mwamba wake kama mtu anayenyanyuka na mzigo kichwani. Hakuna aliyeshangaa. Udongo wa kinamasi una rutuba, kila mtu analijua hilo.

Kilichomkera Bruno si kwamba milingoti inakua, bali ni nani aliyeipanda. Jumatatu iliyofuata baada ya Tobeona kuondoka, alikuja na shoka begani. Alimkuta Jenifa amekaa chini ya mlingoti, anamenya viazi.

"Shemeji," Jenifa akamwambia bila kuinua macho, "ukishaukata, nguruwe utamlipa nani?"

Bruno akasimama palepale akafikiri, na kufikiri si kazi aliyoizoea. Akiukata akamlipa Elsi nguruwe, amekiri kwamba dada yake ndiye aliyepanda, na aliyepanda ana neno katika ardhi. Akiukata asilipe, ni mwizi wa mti kama wezi wengine. Akiuacha, unakua. Jenifa alimaliza viazi vyote, na Bruno akarudi nyumbani na shoka lake begani vilevile.

Wanaume wakakaa kikao mchana kutwa. Mwisho Mzee Dop akatoa hukumu kwamba ile si miti. Ni vifaa vya michezo, na vifaa vya michezo havipandwi, husimamishwa. Wote wakaridhika, hata njiwa aliyekuwa ameshaanza kujenga kiota juu ya kifaa cha upande wa mto hakufukuzwa. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Baada ya wiki mbili wanaume walikuwa wanawaambia wageni kwamba milingoti ile waliitoa wao kama msaada.

Tukacheza mechi tatu za kirafiki. Wanawake wa ng'ambo ya mto walifunga trai tano, kila moja pointi nne, sisi nne, tukashinda ishirini na mbili kwa ishirini, kwa sababu wao hawakupata hata mkwaju mmoja wa kuongezea pointi mbili na Elsi alipata mitatu. Mechi ya pili tulishinda kumi na nne kwa kumi na mbili, kwa njia ileile. Ya tatu tulifungwa ishirini na nane kwa ishirini na nne, na Jenifa alisema ni halali yetu, tulikuwa tumekula mno. Nahodha wa wale wa pili alilalamika kwamba mwamba uko kwenye mawingu. Mwenzake akamtuliza, akamwambia aliye juu mngoje chini. Wakangoja mpaka lori lao likapiga honi. Mwamba haukushuka.

Elsi yeye hakuona kwamba ni juu. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kwenye viazi, alipiga mikwaju ishirini, na kila asubuhi mwamba ulikuwa umezidi wa jana kwa upana wa kidole. Mguu wake ukazidi kwa kidole hichohicho.

Ijumaa ya mwisho ya Agosti Tobeona akarudi. Ngazi haikufika, ikabidi afunge jiwe kwenye kamba, alirushe juu, na kuipima kamba. Ilikuwa mita tano na sentimita ishirini. Akaikunja futi yake polepole, akakaa chini. Alikuwa ameanza kuwapenda wale wanawake, na hakuficha.

Wakamweleza habari ya mvinje, shoka na nguruwe. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Yeye ni mtu wa Milne Bay, huko pwani, ambako ardhi hufuata mama, na akasema kwao kesi kama hii isingekuwa kesi, wangeshakula na kulala. Wanaume waliokuwa wakisikiliza walimtazama kwa huruma, kama mtu aliyesema kwao jua hutoka kwenye mfereji. Hata hivyo yeye hakuja kwa ajili ya ardhi, alisema. Shida yake ni mita mbili na sentimita ishirini tu.

Jenifa alikuwa anasokota uzi wa mkoba juu ya paja lake, kama wanawake wa hapa wanavyofanya wakati wowote mikono ikiwa haina mpira wala jembe. Tobeona akautazama ule uzi muda mrefu.

"Mama, huo unaweza kusokotwa ukawa mnene?"

"Mnene kiasi gani?"

"Kama mkono wangu."

Akafungua kitabu cha sheria akakisoma kwa sauti, mara mbili, maana ndiyo tabia yake. Kitabu kinataka mwamba uwe mita tatu kutoka ardhini na unyooke. Hakisemi uwe wa nini. Wanawake kumi na tisa wakakaa chini wakasokota nyuzi nyekundu, njano na nyeusi, na kabla ya saa sita kamba ilikuwa imekazwa kati ya milingoti, pande zote mbili, imenyooka kiasi kwamba kunguru alitua juu yake isibonyee. Chama kikaelewana nao kwamba itafungwa upya asubuhi ya kila mechi. Tobeona akapima, akapata mita tatu. Baada ya chai akapima tena, akapata mita tatu na nusu sentimita, akasema hiyo nusu ni macho yake.

Ikabaki fomu. Mwisho wake palikuwa na mstari wa jina la mwenye ardhi. Elsi alikuwa ameshaishika kalamu, na ncha imeshagusa karatasi, Mzee Dop alipokohoa.

"Binti yangu, hapo ni pa mwenye ardhi."

"Milingoti niliipanda mimi."

"Uliisimamisha. Tulishaamua."

Juu yao njiwa alikuwa analisha makinda. Elsi akamtazama Tobeona. Tobeona akatazama viatu vyake, akasema kwa sauti ndogo kwamba fomu inataka jina ambalo hakuna atakayelipeleka mahakamani, na kwamba kesho ofisi inafunga orodha. Elsi aliumia. Aliumia kuliko ngumi za Simbu, maana zile zilikuwa za mtu baki. Miezi saba ya matope ilikuwa miguuni mwake, bado haijatoka vizuri kwenye nyufa za visigino. Lakini bila jina hakuna ligi, na bila ligi ni kahawa. Akampa kalamu Bruno, aliyekuwa miongoni mwa wale wanaume.

Bruno akaandika kwa herufi kubwa. Alipoulizwa kiwanja kinaitwaje, akaandika jina lake tena. Tangu siku ile neno kahawa halikusikika pale, kwa sababu mtu hang'oi jina lake mwenyewe akapanda miche. Elsi alilijua hilo wakati anatoa kalamu. Kulijua hakukumpunguzia uchungu.

Ligi ikachezwa. Nyumbani hatukufungwa. Ugenini tulifungwa mara mbili, mara moja kwa uzembe na mara moja kwa refa. Fainali ilikuwa Hagen, mjini, kwenye goli la chuma lenye mwamba wa mita tatu usiokwenda popote, na Elsi alipoliona mara ya kwanza akauliza hilo la watoto ni la nini. Mkwaju wake wa kwanza ulipita juu ya goli, juu ya paa la jukwaa, ukagonga tangi la maji la nyumba ya jirani. Wa pili aliupiga kutoka nusu yetu wenyewe, ukapita. Wateuzi wa timu ya taifa, wanawake wawili na mwanamume mmoja, waliacha kula karanga. Nahodha wa upande wa pili alimfuata baada ya mechi akamwuliza kwao wanakula nini.

Oktoba akaitwa Port Moresby kuvaa jezi ya taifa, dhidi ya wageni wa kutoka visiwani. Sisi tulisikiliza kwenye redio ya Mzee Dop, tumejazana mpaka uani. Tulikuwa nyuma kumi na sita kwa kumi na saba, dakika ya mwisho, ikatokea penalti mbali sana, pembeni, karibu na mstari wa katikati. Mtangazaji akasema Koi anaweka mpira. Akasema Koi amepiga. Kisha akanyamaza, kwa sababu mpira ulikuwa umekwenda juu na hakuwa na cha kusema mpaka urudi. King'ora cha kumaliza mechi kikalia mpira ukiwa bado huko. Waamuzi wawili wakasimama nyuma ya goli, mikono mgongoni, wanangoja. Uliposhuka, ulishuka upande unaotakiwa. Kumi na nane kwa kumi na saba. Mzee Dop alilia machozi, akasema binti yetu, binti yetu, na hakuna aliyemkumbusha kitu.

Mwisho wa mwaka Chama cha Taifa kikatoa taarifa ya maendeleo, Tobeona akatuletea nakala. Ukurasa wa sita una picha yetu na maelezo kwamba viwanja vya wanawake mkoani, mbali na vile vya kuazima kwa wanaume, vimetoka kimoja hadi tisa. Taarifa haielezi vimetokaje, kwa hiyo nieleze mimi. Binti wa hapa akiolewa huhamia kwa mume, na mwaka ule wachezaji wetu wanne waliolewa, kila mmoja bonde lake, na wengine waliosikia wakaja kuomba. Kila aliyeondoka aliondoka na mikoba yake, nguruwe wake, na nguzo za mvinje mbichi zenye magome. Alipofika aliwaomba wanaume wa kule wamchimbie mashimo. Wakacheka, wakamwambia mti ni mti, wekeni wenyewe. Wanaume wa mabonde yote hucheka kicheko kimoja. Nyuma ya taarifa kuna safu ya wenye ardhi, ina majina tisa, yote ya wanaume. Mmoja wao alishakufa kabla kiwanja hakijachimbwa.

Elsi alirudi Desemba, asubuhi, kwa miguu kutoka barabarani, jezi ya taifa imo ndani ya mkoba wa kamba. Jenifa na wenzake walikuwa wanakaza kamba ya mita tatu. Juu yake, huko mwamba wenyewe ulipokuwa umefika, ukungu ulikuwa haujaondoka. Katikati ya milingoti, kwenye kivuli, Bruno alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki na wageni wawili wa wilaya, anawasimulia alivyoleta maendeleo. Alifurahi kumwona dada yake, alifurahi kweli, akamtambulisha.

Elsi akawapa mikono. Akaweka mkoba chini, akatoa ule mpira wa kale aliotoka nao Simbu, akarudi nyuma hatua arobaini, akaunda kilima kidogo cha udongo kwa vidole, akausimamisha.

"Kaka, sogea. Mpira unakuja."

"Kiwanja ni changu, dada," Bruno akasema, akiwatazama wageni.

"Najua. Sogea."

Bruno akasogea, na kiti chake. Elsi hakuilenga kamba. Mpira ulipita juu yake, ukaendelea, njiwa akaruka, ukaingia kwenye ukungu kule mwamba ulipo na hatukuuona tena. Tukangoja. Jenifa na wenzake walikuwa wameshika viuno, Mzee Dop ameliacha popoo shavuni, wageni wa wilaya wameziba jua kwa mikono. Na Bruno Koi, mwenye ardhi, alikuwa ameinua shingo kama sisi wote, amebeba kiti chake, hajui akiweke wapi.